Video ni ya kweli, maelezo ya Spana ndiyo ya uongo

Sikulia. Tuanzie hapo, maana tangu jana mchana kila anayenipigia simu anaanza na "pole bwana, tumesikia ulilia." Ile sauti mnayoisikia kwenye video ya mimi kupinduka na Kenge, kigari chetu cha kazi, pale anapoanza kuinama, siyo yangu. Ni ya mbuzi. Kulikuwa na mbuzi pembeni, wa kahawia, pembe moja imevunjika, na yeyote anayebisha aje Kayenze, huku Mwanza, nimpeleke kwa mbuzi mwenyewe.

La pili, sikuwa naenda Ukerewe. Hiyo Spana, mwenzangu kazini aliyechukua video, kaitunga akiwa njiani kwenda kununua vocha. Eti "jamaa kachoka kusubiri boti, kaamua kuvuka na kigari." Saa nne asubuhi ilikuwa stetasi yake. Saa sita ikawa kwenye grupu la wavuvi. Saa kumi jioni imefika grupu la ukoo, na kule yupo bibi yangu, ambaye hata picha za arusi ya mjukuu wake alishindwa kuzifungua. Hii kaifungua. Kaisikiliza mara mbili. Kauliza, "huyu anayelia ni nani?"

Mbuzi, bibi. Mbuzi.

Sasa niwape yenyewe ilivyokuwa.

Wa siku nyingi mnajua ninapofanya kazi, vizimba vya sato, upande huu wa Kayenze. Jina la mradi naliacha, bado nauhitaji mshahara. Na Kenge mnamjua, nimeshaweka picha zake hapa mara nyingi nikiwa nimeegemea boneti kama mtu aliyeinunua. Ni kile kigari cha kazi za porini: siti mbili, usukani kushoto, milango hakuna, bodi ndogo ya mizigo nyuma, fremu ya mabomba ya chuma juu ya kichwa, na matairi yaliyovimba kama maandazi ya mama ntilie. Tunamwita Kenge kwa sababu anapita mchangani, kwenye tope na kwenye mawe, halafu sura yenyewe ni ileile.

Ambalo wengi hamlijui, na ndilo linaloniuma kuliko goti, ni kwamba mimi ndiye mwalimu wa Kenge.

Ndiyo. Nilipelekwa Dar siku tatu kusomea namna ya kumwendesha salama. Cheti nimekiweka kwenye plastiki ngumu. Kila Jumatatu saa moja asubuhi nawasimamisha wenzangu mbele ya kontena nawapa somo la dakika kumi, na kwenye mlango wa kontena kuna karatasi ya masharti niliyoiandika kwa mkono wangu, kalamu nyekundu. Ile kalamu ilikuwa haitoki kwenye mfuko wa shati. Iwekeni akilini.

Jumatatu ya juzi juzi hii somo lilikuwa miteremko. Nilichukua ubao na kiberiti. Kiberiti nikakilaza kwenye ubao, nikauinua upande mmoja, hakikuanguka. Nikakisimamisha wima, nikauinua hivyohivyo, kikalala. "Mnaona? Mzigo ukiwa mrefu, uzito unapanda juu, na gari linakuwa kiberiti kilichosimama." Nikawaambia mteremko unashukwa ukiutazama uso kwa uso, hukatizi ubavuni. Ikibidi kabisa kukatiza na ukahisi gari linaelemea, peleka usukani upande wa bonde, usipeleke mlimani. Halafu, Mungu anisamehe, nikafunga na maneno haya: "Kenge hampindui mtu. Mtu ndiye anayempindua Kenge."

Spana aliyaandika. Wakati ule nilidhani anapenda kujifunza.

Haya, jana. Vifaranga walifika alfajiri. Kwa msiojua, vifaranga wa sato husafirishwa mapema kabla jua halijapanda, tena hawalishwi siku moja kabla ili wasichafue maji njiani, na kwenye tangi lao kuna mpira wa oksijeni. Pikapu ikawaleta mpaka juu kwenye mwembe, ikaishia hapo. Ile njia ya gari iliyokuwa ikipita chini ziwa lililimega lilipopanda 2020, na 2024 likarudi kumalizia. Kwa hiyo kutoka mwembeni mpaka kwenye boti, kama mita 300, ni kazi ya Kenge.

Tukamfunga mgongoni simtanki la lita 500, na hapo ndipo akili zangu zilipoanza kuniponza. Kwenye bodi ya Kenge kuna kibao kimebandikwa: mwisho wa mzigo kilo 450. Nikasimama mbele ya watu nikapiga hesabu kwa sauti. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 500 ni kilo 500. Hapo hujaweka uzito wa tangi, hujaweka vifaranga 2,000. Tumezidisha! Kwa hiyo, ndugu zangu, tunajaza nusu. Spana akapiga makofi. Dereva wa pikapu akatikisa kichwa kwa heshima. Nilijiona profesa.

Kumbe tangi likijaa pomoni, maji hayana pa kwenda, yanakaa kama mahabusu. Ukijaza nusu yanatembea. Gari likiinama kidogo kulia, yote yanahamia kulia, na uzito unahama nayo. Na hili sikuhitaji kwenda Dar kulisoma. Mama yangu alikuwa akichota maji ziwani anaweka majani juu ya ndoo ili yasicheze kichwani, nami nikiwa na miaka sita nikamuuliza kwa nini, akanieleza. Nilisahau palepale mwembeni, huku nikipigiwa makofi.

Spana akataka kupanda nyuma, akae pembeni ya tangi alishikilie. Nikamkatalia mbele ya wote: "Bodi ni ya mzigo. Mtu siyo mzigo. Soma mlangoni, namba mbili." Akashuka. Akasema sawa mwalimu. Akabaki nyuma kwa miguu, mikono mitupu, hana kazi.

Akatoa simu.

Wadau, mimi siku hiyo nilivunja masharti matatu, manne. Nililishika moja barabara, na hilohilo ndilo lililompa Spana mahali pazuri pa kusimama, mwanga ukiwa nyuma yake.

Kuhusu njia. Kuna njia ya kushuka moja kwa moja mpaka mchangani, pana, nzuri, tumeichonga wenyewe. Spana anasema kwa nini sikuipita. Sikuipita kwa sababu ilikuwa na dagaa. Hii ni wiki ya giza, mwezi haupo, taa za wavuvi zinawaka usiku kucha kama mji mwingine umeota ziwani, na asubuhi akina mama wanatandaza nyavu kuukuu kila panapopata jua, wanamwaga dagaa wakauke. Njia yote ilikuwa inang'aa kama bati jipya. Sasa nikanyage dagaa za watu?

Sawa. Nyie ni watu wangu, siwafichi. Ningeweza kuwaomba wakunje nyavu mbili. Dakika tano, labda saba na maneno yake. Wangekunja.

Lakini chini pale kwenye boti alikuwa amesimama dada wa uvuvi, afisa, amekuja kushuhudia vifaranga wakiingia kizimbani. Ana daftari. Ana buti za mpira zinazomkaa vizuri, jambo ambalo mimi sijawahi kuliona kwa binadamu mwingine. Nikaona nisishuke kama muuza maji. Nizunguke kwa kushoto, nipite nyuma ya lile jiwe kubwa, nikatize mteremko, nitokeze ghafla ubavuni kwake kama magari ya kwenye matangazo.

Usiku mvua ilinyesha. Majani yalikuwa yameloa. Haya.

Kwenye video, Kenge kulala ni sekunde tisa tu. Mimi niliyekuwa ndani nilikaa kama nusu saa, kwa hiyo nitaisimulia kwa mwendo wangu, msinikimbize.

Nimefunga mkanda. Hilo hata Spana hawezi kulikana. Gia nimeweka L, ile ya mwendo wa chini, matairi yote manne yanavuta, mwendo ni wa mtu anayemsindikiza mgeni. Mlima uko kushoto kwangu, ziwa, dagaa na akina mama wako kulia, chini. Nasikia nyuma ya mgongo: chwaa. Nikadhani ni ziwa. Kenge akaitikia kichwa kidogo. Nikagusa breki. Chwaa, mbele. Nikaachia. Chwaa, nyuma. Hapo ndipo majani ya mama yangu yaliponijia, yakielea juu ya ndoo, mabichi kabisa, tangu mwaka ule.

Ningesimama. Ningeshuka taratibu. Lakini jiwe nimeshalizunguka na dada wa uvuvi ameinua uso kutoka kwenye daftari.

Tairi la mbele kushoto, la upande wa mlimani, likapanda kijiwe. Siyo mwamba, Mwanza nzima ina miamba ya kumpindua mtu kwa heshima. Kijiwe, ukubwa wa mkate. Kushoto kukainuka, na maji yakaenda kulia: chwaaaa. Nikayasubiri yarudi. Hayakurudi.

Nikajua. Somo langu lote likanijia kwa herufi zangu nyekundu. Namba nne: usukani upande wa bonde. Nikatazama bonde. Bondeni kuna mama watatu wamekaa miguu wameinyoosha, wanachambua dagaa, na wa katikati ananitazama machoni. Siyo kwa hofu. Ananitazama kama unavyomtazama mtu anayekuja kukukopa. Mikono yangu ikashindwa. Ikageuza usukani mlimani.

Kenge akapata ruhusa aliyokuwa anaisubiri.

Nataka muelewe alivyolala polepole. Hakuanguka. Alilala kama mzee anayeshuka kwenye mkeka, mkono kwanza, halafu goti, halafu pumzi. Tairi la kushoto likapanda hewani mbele ya uso wangu, linazunguka taratibu kama feni ya gesti ya bei nafuu. Kwenye siti ya abiria nilikuwa nimeweka chupa ya chai na chapati mbili kwenye gazeti. Upande ule kuna wavu wa kuziba pale ambapo mlango ungekuwepo, ila Jumanne niliufunga juu kwa kamba, unanichelewesha kupakia. Kwa hiyo chapati zikateleza kwenye siti, zikafika ukingoni, zikatoka. Moja, halafu ya pili. Niliziangalia zikiondoka. Nikawaza: zile ni za watu wawili, na anayefuata ni mimi.

Hapo mkono wangu wa kulia ukajiamulia wenyewe. Ukanyooka kwenda kushika fremu ya juu, upande uleule unaokwenda chini. Jumatatu niliwacheka watu kwa hilo. Niliwaambia fremu huwa inavilalia vidole vinavyoishika, nikawauliza, "mkono wako ni jeki?" Sasa nikasikia sauti yangu mwenyewe kichwani, ileile ya kujidai, inaniuliza mkono wako ni jeki? Nikaurudisha. Nikakumbatia usukani kwa mikono yote miwili kama mtu anayemuaga ndugu stendi.

Ni wakati huo mbuzi alipolia.

Halafu: pu. Hata kelele haikuwa ya maana. Nimewahi kuangusha gunia la mahindi kwa kelele kubwa zaidi. Kenge amelala ubavu wa kulia, fremu imekaa kwenye majani, mimi niko siti ya kushoto, yaani sasa niko ghorofani, nimening'inia kwenye mkanda, uso unatazama nyasi. Nikazima injini. Naomba lirekodiwe kwamba nilizima injini. Ile kalamu nyekundu ikachomoka mfukoni, ikadondoka chini, ikasimama wima kwenye tope.

Mfuniko wa simtanki ukaruka. Lita zile zote na vifaranga wake wakamwagika, wakateremka kama maji ya mfereji, moja kwa moja hadi kwenye dagaa. Akina mama wakasimama kwa pamoja. Nikasikia "bhebhe!" Nikasikia miguu inakimbia. Nikasema moyoni, asante Mungu, wanakuja.

Wakanipita.

Walikuwa na mabeseni, nyungo, ndoo, mmoja amekunja khanga kama bakuli, wanakusanya vifaranga na kuwatia kwenye maji, wanaelekezana kwa sauti kali kama wamefanya kazi hiyo miaka yote. "Pale! Pale chini ya wavu! Huyo mdogo!" Watoto wakaitwa. Nikakohoa. Nikasema kwa adabu, "Shikamoo mama, naomba msaada."

Yule wa katikati akainua uso. Akanichunguza kuanzia kichwani, ambako kulikuwa chini, mpaka viatu. Akasema:

"Marahaba. Wewe unapumua. Hawa hawapumui."

Akarudi kwenye vifaranga.

Hapo ndipo Spana alipovuta picha karibu, na nyote mmeona shati lilivyokuwa limepanda, na mmeona tumbo, na wapo waliotuma maoni kuhusu tumbo. Nimewasoma. Nawajua kwa majina.

Mtauliza kwa nini sikujifungua mkanda. Ukibonyeza ukiwa unaning'inia vile unaangukia kichwa. Kuna utaratibu wake, na unafundishwa. Ulifundishwa siku ya tatu, Dar, mchana. Mchana huo mimi nilikuwa Kariakoo natafuta viatu.

Kwa hiyo nikaning'inia. Dakika nne na sekunde kumi na moja, Spana kahesabu, kaandika kabisa juu ya video. Damu inashuka kichwani, masikio yanavuma. Mtu mmoja akapita na baiskeli, akasimama, akaendelea.

Aliyekuja ni dada wa uvuvi. Akachuchumaa, akainamisha kichwa pembeni mpaka uso wake ukalingana na wangu. Akasema kwa upole, upole ambao bora angenitukana, "Kaka, kandamiza miguu kwenye dashibodi. Mkono mmoja sukuma siti ya chini, ujibebe. Ukishajibeba, ndipo ubonyeze." Nikafanya. Nikatokea kwenye nafasi ya mlango wangu, juu, kama mtu anayetoka kisimani. Akanisubiri nisimame sawa, nijipanguse. Akaniuliza:

"Samahani, huyu mwalimu wao wa usalama ni nani? Natakiwa kuandika jina lake."

Spana, nyuma ya simu: "Si huyo hapo!"

Mengine ni mafupi. Watu wanane na kamba wakamgeuza Kenge akasimama. Nikakimbilia ufunguo, fundi akanipiga kofi la mkono: gari likishalala oili huenda mahali pasipo pake, ukiwasha haraka unaua injini. Akafungua plagi, akaangalia, akasubiri, akaongeza oili. Mchana likawaka. Kioo cha pembeni ndicho kimevunjika. Vifaranga walioingia kizimbani ni zaidi ya 1,600, wote kwa nguvu za akina mama, si zangu. Dagaa zilizoloa nimelipa. Goti limevimba. Bosi hakugomba, kasema tu Jumatatu somo ni miteremko tena, na mwalimu ni Spana, na video ipo.

Mama kapiga simu kutoka Sengerema. Zamani, akitaka kuja, foleni ya kivuko cha Kigongo ingenipa muda wa kujiandaa, lakini tangu Juni 2025 kuna daraja, kilomita kama 3 anazikata kabla hujamaliza chai. Hakuniuliza kama nimeumia. Kauliza, "Yale majani ya ndoo ulikuwa hunisikilizi?"

Leo asubuhi nimepita mwaloni, pale ufukweni. Nilikuwa na shida moja tu, kumpiga picha yule mbuzi, nimweke hapa mumwone, mnyamaze. Nikamkuta yule mama wa katikati amekaa palepale, anachambua dagaa.

"Mwangaluka, Popo," akaniambia. Hilo ndilo jina langu sasa, kijiji kizima.

Nikaitikia. Nikamuuliza, mama, yule mbuzi wa kahawia, mwenye pembe moja, yuko wapi?

"Alichinjwa juzi," akasema.

Nikamwambia haiwezekani, jana alikuwa hapa, alilia.

Akaacha dagaa, akaniangalia kwa huruma ya kweli, ya kwanza tangu tujuane.

"Basi sawa, mwanangu. Alikuwa mbuzi."